Asidi ya oksaliki na weusi wa mbao: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mafundi samani na wenye nyumba wanaokarabati milango ya zamani husifu asidi ya oksaliki kuwa dawa ya kung'arisha mbao. Sifa hiyo ni ya haki, ila imeambatana na imani zinazopoteza fedha, zinazoharibu mbao nzuri na, baya zaidi, zinazohatarisha afya za watu.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba asidi hii huondoa doa lolote na kuifanya mbao yoyote iwe nyeupe. Ukweli ni kwamba kazi yake kubwa ni kuondoa weusi unaotokana na chuma. Mbao zenye tanini (kemikali ya asili iliyomo ndani ya miti), kama vile msaji, mkangazi na mwaloni, zikigusana na chuma mahali penye unyevu, tanini huungana na chuma na kufanya kitu cheusi, ambacho ndicho kilichokuwa kiini cha wino wa kuandikia kwa karne nyingi. Tazama msumari ulioshika kutu katika mlango wa msaji uliokaa kwenye hewa ya bahari: chini ya kichwa chake hushuka mchirizi wa rangi ya samawati iliyokaribia weusi, ukifuata nyuzi za mbao. Asidi ya oksaliki huinyang'anya tanini kile chuma na kukifanya kiyeyuke katika maji, na weusi ukaondoka nacho. Vilevile hurudisha nuru ya mbao iliyogeuka kijivu kwa jua na mvua, au iliyotiwa giza na sabuni kali. Doa la mafuta hailigusi. Rangi za kutia mbao huondolewa kwa klorini, na anayetaka kubadili rangi ya asili ya mbao atahitaji kostiki soda pamoja na peroksidi ya haidrojeni, kazi ambayo ni nyingine kabisa.

Ndiyo maana nasisitiza doa litambuliwe kwanza. Duara jeupe lililoachwa na kikombe cha moto juu ya meza limo ndani ya vanishi na halihitaji asidi. Duara jeusi limekwisha kuingia kwenye mbao. Hata hilo jeusi halitaondoka ikiwa vanishi bado ipo, kwa sababu asidi haipenyi hapo, hivyo sharti uso wote ukwanguliwe kwanza.

Wapo wanaodhani asidi ni asidi tu, na kwamba limau, siki au maji ya betri yatafaa vilevile. Limau na siki ni dhaifu mno kwa doa lililokomaa. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki, ambayo huunguza mbao na ngozi ya mtumiaji, yasitumike kamwe. Asidi ya oksaliki yenyewe huuzwa kama fuwele nyeupe katika maduka ya kemikali za viwandani, na mafundi wanaong'arisha sakafu za terazo na marumaru huifahamu vizuri. Mnunuzi aangalie lebo yenye fomula C2H2O4 na akatae mfuko usio na maandishi.

Kuzidisha dawa nako hakuongezi weupe. Gramu 80 hadi 100 kwa lita 1 ya maji ya moto zinatosha, katika chombo cha plastiki au kioo, kamwe si cha chuma. Paka uso mzima, kwani ukipaka doa peke yake utabaki na baka lililong'aa kuliko sehemu nyingine. Usisugue kwa stili waya, maana vipande vyake huacha chuma kipya ndani ya vinyweleo vya mbao. Baada ya robo saa hivi, suuza kwa maji mengi mara kadhaa. Mbao ikipigwa msasa kabla ya kusuuzwa hutoa vumbi la asidi linalochoma pua na koo.

Kwa kuwa asidi hii imo pia katika spinachi na majani ya magimbi, wengine huiona kuwa haina madhara. Hilo ni kosa la hatari. Gramu 15 hadi 30 zikimezwa zinaweza kumuua mtu mzima, na fuwele zake hufanana na sukari, kwa hiyo zisikae jikoni wala katika chupa ya soda. Vaa glavu na miwani ya kinga, na usiichanganye na jiki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.

Mwisho, wengi huamini kwamba doa likiisha limeisha. Msumari uleule ukibaki mahali pake, unyevu utaurudisha weusi hata juu yake pakapakwa vanishi mpya. Ung'olewe, na mahali pake itiwe skrubu ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu.