Maharage hayamalizi gesi

Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu chuoni, likianza kuyeyuka, mwanafunzi anakwambia hapiki maharage kwa sababu "yanamaliza gesi", halafu anashuka kununua chipsi mayai. Sina ugomvi na chipsi. Ugomvi wangu ni na hiyo sababu.

Kinachomaliza gesi ni moto mkubwa uliouacha saa mbili chini ya sufuria ambayo tayari inachemka. Maji yakishachemka hayaongezeki joto hata uwashe vipi. Unaongeza mvuke tu. Punje inataka kunywa maji, kisha ikae kwenye joto muda mrefu, na joto hilo si lazima lote litoke kwenye mtungi wako wa kilo 6.

Chambua robo kilo, osha, loweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Asubuhi mwaga, suuza, weka maji mapya yapite maharage kwa vidole viwili. Tumia sufuria ndogo ijae kama robo tatu. Iliyo nusu tupu hupoa upesi. Fungua dirisha, tokosesha kwa nguvu dakika 20, mfuniko ukiwa juu. Zima jiko. Usifunue kuchungulia! Funga sufuria kwa blanketi pande zote, na chini pia, itumbukize kwenye boksi lenye nguo kuukuu, nenda kipindi. Rudi baada ya saa tatu, isizidi nne, chemsha tena dakika 10, onja. Mbeya au Iringa ongeza muda, maana kule juu maji huchemka kabla ya nyuzi 100.

Zile dakika 20 si za hiari. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini inayotapisha na kuharisha. Mtokoto wa kweli huiharibu, uvuguvugu hauiwezi.

Sasa chumvi, maana najua umeshashtuka. "Ukiweka chumvi mapema hayaivi." Nani kasema? Ganda la harage hushikiliwa na pektini, gundi ya asili ya mimea, na pektini hukazwa na kalsiamu na magnesi. Sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya madini hayo, ganda likalainika. Mkosaji ni nyanya. Nyanya, ndimu, ukwaju, chochote kichachu kikiingia kabla punje haijaiva, kinalikaza ganda, na hapo ndipo gesi yako inapoteketea kweli. Watu huweka nyanya na chumvi kwa pamoja, sufuria ikigoma wanailaumu chumvi. Maji ya kisima yenye chokaa nayo hufanya ukaidi huohuo. Magadi yatalainisha, sikatai, lakini yanaharibu vitamini B1 na ukizidisha unakula sabuni.

Kuna maharage yatakayonishinda hata mimi: yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu. Sokoni huwezi kuyatambua kwa uhakika kwa macho. Nunua robo kwanza, pika, yakiiva rudi kwa muuzaji yuleyule. Ya njano kwa kawaida huwahi kuiva kuliko mekundu. Na kuhusu tumbo kujaa, kumwaga maji ya kulowekea husaidia kiasi, lakini siwezi kukuapia kwamba darasani litanyamaza.

Yakiiva, usiunge yote. Hili wengi hawalijui, wanalala na sufuria ya maharage ya nazi wanaamka nayo imechacha. Kama huna friji, yaache meupe bila kuyaunga, yachemshe yatokote asubuhi na jioni, yamalize kesho yake. Unga ya mlo mmoja tu: kijiko kimoja cha mafuta, nusu kitunguu, karoti ya kukwaruza, nyanya moja hadi ivurugike, ndipo maharage na supu yake. Mchicha uingie dakika tatu za mwisho. Kamulia ndimu mezani, inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi isubiri kama saa moja, maana yenyewe huyazuia.