Oili chafu kwenye tanuru la visu: moshi mweusi sio lazima, acheni kuambiana hivyo

Juzi nimeambiwa tena. Kijana kanitumia video ya tanuru lake la kufulia visu, moshi mweusi mzito unapanda mpaka huoni paa la jirani, namuuliza mbona hivyo ananijibu "fundi si unajua oili chafu lazima itoe moshi". Hapana, sijui hivyo, na kila mwezi kuna mtu ananiletea hilo neno, wengine wanakata tamaa wanarudi kwenye mkaa, wengine wanafukuzwa mtaani. Tanuru langu hapa Arusha linakula oili chafu kama lita moja na nusu kwa saa na ukisimama nje ya geti hujui kama kazi inaendelea.

Oili ikiwa maji maji haiwaki jamani, elewa hapo kwanza. Chovya njiti ya kiberiti inayowaka kwenye kopo la oili baridi, inazima. Kinachowaka ni mvuke wake au ukungu wake, na oili ya injini mpaka itoe mvuke wa kushika moto inataka kama nyuzi 200. Sasa mtu anaamka asubuhi, tanuru baridi, matofali baridi, anafungua koki oili inamwagika chini, anawasha tambara, halafu anashangaa moshi. Unaanza na gesi au mkaa, dakika kumi, kumi na tano, mpaka ukuta wa ndani uwe mwekundu kabisa, hapo ndo unaachia oili tone kwa tone, ikigusa ukuta inakuwa mvuke hapohapo. Haraka ya hizo dakika kumi ndo inawachafulia wengi siku nzima.

La pili ni hewa na hapa ndo kwenye shida yenyewe. Lita 1 ya oili ili iungue yote inataka hewa kama mita 11 za ujazo, yaani chukua mapipa ya lita 200 yapange zaidi ya hamsini, hewa yote hiyo kwa lita moja tu. Hiyo ni Dar, usawa wa bahari. Huku Arusha tuko kama mita 1,400 juu, hewa nyepesi, mapipa yanapita sitini. Ndo maana mtu ananunua tanuru Dar linafanya kazi vizuri, analipandisha huku blowa (feni ya kusukuma hewa) ileile koki ileile linaanza kutoa moshi, anasema oili ya Arusha mbaya. Oili haina kosa, blowa ndo imezidiwa. Na vile viblowa vidogo vya jiko la mkaa vya betri kwenye tanuru la oili havitoshi, nimesema mpaka nimechoka. Wahaya kule Kagera walikuwa wanayeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita, mivukuto na mabomba ya udongo yanaingia mpaka ndani ya tanuru, watu hawana mita wala mashine ila walijua chuma ni hewa. Sisi tuna umeme tunabana hewa!

Halafu kinachoniuma zaidi, mtu akiona moshi mweusi anaongeza oili, anadhani moto ni mdogo. Moshi mweusi ni oili ambayo haijapata hewa, kaboni inaenda angani, ulitakiwa PUNGUZA koki au ongeza blowa. Moshi mweupe wenye harufu kali ndo naouogopa mimi kuliko mweusi, huo ni mvuke wa oili ambao haujawaka kabisa, tanuru limepoa, na ukikusanyika ukishika moto kwa mara moja unatoka mdomoni mwa tanuru kama bomu. Funga koki, rudi kwenye gesi, subiri pawe pekundu tena. Moto mzuri unaonekana hivi: ndani kweupe hadi manjano, mdomoni pana ulimi mfupi wa moto usiozidi kiganja, moshi hamna. Ule ulimi mdogo uache. Ukizidisha hewa mpaka upotee kabisa chuma kinavaa magamba mazito na kisu kinapoteza kaboni juu juu, unakuja kulalamika hakishiki makali.

Wengine wanasema eti oili haina moto wa kutosha kufua. Kilo ya mkaa mzuri ina kama megajuli 30, kilo ya oili inapita 40, sasa upi mdogo? Shida tunayopata sisi ni kuzidi. Springi ya lori ya kutengenezea kisu unaifua kwenye nyuzi 1,000 mpaka 1,100 hivi, rangi ya chungwa kuelekea manjano, na tanuru la oili linapita hapo bila kukuaga. Ukiona chuma kinarusha cheche chenyewe kikiwa ndani kimeshaungua, kata kile kipande tupa, hakuna namna ya kukirudisha.

Petroli. Usichanganye petroli. Sitaki kusikia "kidogo tu ya kuwashia". Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ambayo Tanzania nzima hatujawahi kuiona, moto unaweza kufuata ule mvuke mpaka kwenye dumu lako. Oili ikiwa nzito asubuhi za Juni na Julai weka dizeli robo, au bora zaidi pitisha bomba lake la chuma karibu na mwili wa tanuru ipate joto, na dumu likae mbali, koki iwe mahali unapoifikia bila kuinama juu ya moto.

Maji kidogo kwenye oili hayana shida? Yana shida. Maji yakigeuka mvuke yanatanuka kama mara 1,700, tone moja ndani ya tanuru jeupe linarusha oili inayowaka usoni. Oili ikae wiki mbili bila kutikiswa, chuja kwa kitambaa, chota ya juu, ya chini kabisa usiiguse.

Na sio kila kitu cheusi kwenye kopo la gereji ni oili. Breki fluid hapana, kulanti hapana. Oili ya transfoma za zamani ndo kabisa usiiguse, inaweza kuwa na PCB, kemikali ya sumu ya zamani, na ukiichoma vibaya inatoa sumu za dayoksini. Wapo pia wanaosema siku hizi hamna risasi kwenye petroli kwa hiyo oili chafu ni safi. Ni kweli nchi zetu ziliacha petroli ya risasi mpaka kufika mwanzo wa 2006, lakini oili ya injini bado ina zinki na vumbi la chuma cha bearing, ndo ile majivu ya kijivu unayokuta imeganda kwenye matofali na inayokula blanketi la kauri la kuzuia joto ndani ya tanuru. Vaa glavu, fungua pande mbili za banda, hata kama moshi hauuoni maana kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Kwa yeyote anayeanza ushauri wangu ni uleule kila siku, tafuta mafuta yaliyokaangiwa chips, yana uchafu wa unga na chumvi unachuja, ila hayana zinki wala vumbi la injini. Ya mawese yanaganda na baridi, yapashe kwanza.

La mwisho, eti oili chafu ndo nzuri kuzimishia kisu (kukitumbukiza kikiwa cha moto ili kiwe kigumu) kwa sababu ina kaboni inaingia kwenye chuma. Sekunde chache zile kaboni haiingii popote. Unachopata ni moshi wa sumu usoni na kila dumu linapoza kivyake, leo kisu kigumu kesho kimepasuka. Mafuta ya kupikia, yapashe nyuzi 50 au 60, kisu kikiacha kushikwa na sumaku ongeza joto kidogo tu, kama nyuzi 830 kwa springi, tumbukiza ncha ikitangulia, usikipeperushe kushoto kulia. Kikipoa mpaka unaweza kukishika kipeleke kwenye ovena nyuzi 200 saa moja, kitoe, rudia saa nyingine.