Kabla ya kuuliza jina la mti, uliza ubao utakaa wapi

Niliwahi kuitwa nikaangalie veranda iliyokuwa imeanza kuinama upande mmoja. Nguzo zake nne zilikuwa za msaji, na mwenye nyumba alizinunua kwa fedha nyingi akiamini kwamba hazitaoza kamwe. Nilichukua bisibisi nikaichoma nguzo ya kona, shubiri moja kutoka chini. Ikazama mpaka kwenye mpini. Nikapanda hadi usawa wa goti, nikachoma tena: ngumu kama jiwe. Kisha nikainua macho kwenye kenchi. Zilikuwa za msonobari, zile mbao ambazo watu huzidharau, na hazikuwa na doa hata moja. Bati lilizifunika, upepo ulipita chini yake, na mvua haikuwahi kuzifikia.

Nguzo zile zilichimbiwa na kumwagiwa zege hadi juu ya usawa wa sakafu. Zege huyashika maji ya mvua kwa muda mrefu, na ncha ya nguzo ikawa inayanywa usiku na mchana. Nilipoipasua ile ya kona nikaona jambo la pili: karibu nusu ya upana wake ilikuwa mbao nyeupe ya nje, si moyo wa mti.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Mti ulio hai hupandisha maji kwa kupitia tabaka la nje, lile la rangi nyepesi, na tabaka hilo lina wanga na sukari, chakula kizuri cha kuvu na wadudu. Mti unavyozidi kukua, tabaka za ndani hufa na kujazwa kemikali za kujilinda. Hizo ndizo zinazoupa moyo rangi yake ya kahawia au nyekundu. Sifa zote za msaji, mvule na mkongo ni sifa za moyo peke yake. Kiwango cha Ulaya cha EN 350 hupanga mbao katika madaraja 5 kwa namna zinavyostahimili kuvu. Moyo wa msaji bora uko daraja la 1, mkangazi wa Afrika uko la 3, na mbao nyeupe ya mti wowote huhesabiwa daraja la 5, la mwisho kabisa, isipokuwa pawe na ushahidi wa kupinga hilo. Kwa hiyo ukienda kununua, usitazame uso wa ubao tu. Inama utazame ncha zake zote mbili, pale msumeno ulipokata, kwa sababu hapo mpaka wa nyeupe na moyo huonekana wazi. Msaji uliokatwa ukiwa mchanga una moyo mdogo sana, hata kama muuzaji anakuapia kwamba ni msaji. Ni msaji kweli, lakini si ule unaoufikiria.

Kuvu nayo haiwezi kula mbao kavu. Ubao wenye maji chini ya asilimia 20 hauozi, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na uzito wa ubao huo ukiwa umekaushwa kabisa. Ndiyo maana mimi huanza kwa kuichora veranda yote na kujiuliza kuhusu kila kipande: kitalowa? Kikilowa, kitakauka lini? Kenchi zilizo chini ya bati ni kazi nyepesi. Pagola, ile fremu ya nguzo na boriti isiyo na paa, ni mtihani mwingine, kwa sababu kila boriti hunyeshewa na kila kiungo huficha maji. Na mguu wa nguzo ni mahali pabaya kuliko pote. Pesa ya mbao nzuri ielekezwe huko kwanza.

Kwa mguu wa nguzo kuna njia mbili ninazoziamini: moyo wa mti wa daraja la 1, au mbao za dawa zilizosukumiwa dawa kwa mgandamizo ndani ya tangi. Dawa ya kupaka kwa brashi peke yake haiingii ndani kiasi cha kutosha. Hata hizo za tangi zina siri yake: dawa haifiki katikati ya ubao mnene. Fundi akishaukata ubao kwa urefu anaotaka, ncha inabaki wazi, na mara nyingi ndiyo anayoigeuza chini. Kila ulipokata, kila ulipotoboa tundu la bolti, paka dawa ya kuhifadhi mbao mpaka ncha ikatae kunywa zaidi.

Na tafadhali, vipande vinavyobaki visiende jikoni. Dawa iliyotumika kwa miaka mingi duniani ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Marekani na Umoja wa Ulaya waliiondoa kwenye mbao za makazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini mbao zake za zamani bado zimesimama kila mahali. Ukizichoma, sumu hiyo huingia kwenye moshi na majivu. Dawa mpya nyingi hazina aseniki, ila zina shaba zaidi, na shaba hula misumari ya kawaida. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu au zilizochovywa kwenye zinki ya moto.

Kuhusu miti yenyewe, msaji hutulia na haupindi ovyo. Mninga pia husinyaa kidogo sana unapokauka, na kwa milango na viti vya verandani naupenda kuliko yote. Ila tangu mkutano wa 2022 wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, miti ya Afrika ya jamii ya mninga, mkongo na mkangazi imewekwa kwenye Kiambatisho II, orodha ya spishi ambazo biashara yake inadhibitiwa, hivyo kuvusha magogo au mbao zake mpakani kunahitaji kibali. Mvule ni hodari kwa boriti za nje. Wakati mwingine ndani yake kuna jiwe la chokaa lisiloonekana kabisa: unasikia mlio wa msumeno ukibadilika ghafla, na ukiutazama, meno yamekwisha. Vumbi lake huwasha ngozi na kukereketa kifua, basi vaa barakoa. Mkaratusi sina neno moja la kusema, kwa kuwa jina hilo linabeba mamia ya spishi, nyingine ngumu na za kudumu, nyingine zinazopasuka kabla hujamaliza kupiga randa.

Boriti isimamishe kwa ubavu wake mwembamba. Ubao wa milimita 50 kwa 150 uliosimamishwa hukataa kupinda mara 9 zaidi ya uleule ukilazwa. Mbao za sakafu ziachie nafasi ya milimita 5 hivi, maji yapite.

Watu huogopa mno rangi ya kijivu. Ni jua limekula uso wa mbao, na ni tabaka jembamba tu. Kuoza ni kitu kingine. Kama huipendi, paka mafuta ya mbao na uyarudie kila yanapofifia. Vanishi ngumu nje hupasuka, maji yakaingia chini yake na kukosa pa kutokea.

Zile nguzo nne, tatu tuliziokoa. Tulikata sehemu iliyooza, tukazipaka ncha dawa, tukajenga vitako vya zege kufidia urefu uliopotea, vikiwa na mteremko kidogo kila upande, na juu yake viatu vya chuma vinavyoiacha mbao milimita 50 hewani. Ya kona, ile iliyojaa nyeupe, tuliiweka mpya. Nilirudi siku moja baada ya mvua kubwa, nikapitisha mkono chini ya kila nguzo. Zote zilikuwa kavu.