Nini maana ya f/1.8 kwenye lenzi?

Chukua lenzi yoyote, igeuze uitazame usoni. Pembezoni mwa kioo cha mbele kuna maandishi madogo: 18-55mm, kisha 1:3.5-5.6. Kwenye nyingine utakuta 50mm 1:1.8. Milimita huzoeleka upesi kwa sababu kazi yake inaonekana: ukivuta lenzi, aliye mbali anasogea karibu. Hiyo namba ya pili ndiyo wengi huiruka, na kwangu mimi ndiyo ya kusomwa kabla ya kutoa pesa, kabla hata ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi.

Namba hiyo inaeleza upana wa tundu la lenzi. Ndani ya lenzi kuna vibamba vyembamba vilivyopangwa kwa duara, vinavyofunguka na kujibana kama mboni ya jicho la paka. Vikifunguka, mwanga mwingi unapita hadi kwenye kihisi, yaani kile kibamba kilichokaa mahali ilipokuwa filamu zamani. Vikijibana, mwanga unapungua. Wapiga picha huliita tundu hilo apecha, na ukubwa wake huandikwa kwa herufi f, mkwaju na namba: f/1.8, f/4, f/11. Ile 1:1.8 ya kwenye lenzi ni f/1.8 hiyohiyo, na maana yake ni kwamba tundu la lenzi hii haliwezi kufunguka zaidi ya hapo.

Wanaoanza hukwama hapa: mbona namba ndogo ndiyo tundu kubwa? Jibu liko kwenye ule mkwaju. Ni alama ya kugawanya. f ni urefu wa fokasi, zile milimita za lenzi. Kwenye lenzi ya mm 50, f/2 ni 50 gawanya kwa 2, yaani tundu la mm 25 ukilitazama kwa mbele. f/16 kwenye lenzi hiyohiyo ni 50 gawanya kwa 16, tundu la mm 3 na kidogo. Fikiria mkate wa kumimina: ukigawiwa watu wawili wanashiba, ukigawiwa kumi na sita kila mmoja anaonja tu.

Namba zenyewe hupangwa hivi: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Kila ukipiga hatua moja kwenda juu, mwanga unapungua nusu. Zinaonekana za ajabu kwa sababu mwanga hupita kwa eneo la tundu, si kwa kipenyo chake. Fundi bomba analijua jambo hili bila hesabu: mdomo wa bomba la inchi moja ni sawa na midomo minne ya bomba la nusu inchi. Ndiyo maana f/2 inapitisha mwanga mara nne ya f/4, na ukitaka mwanga mara mbili tu unatanua kipenyo kwa karibu 1.4.

Mimi niliielewa hesabu hii Forodhani, Unguja, baada ya magharibi, taa za wauza mishkaki na pweza zikiwa zimewashwa. Nilikuwa na lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera. Zile namba mbili, 3.5-5.6, maana yake ni kwamba tundu linafika f/3.5 ukiwa kwenye mm 18, lakini ukivuta hadi mm 55 haliwezi kuzidi f/5.6. Mimi nilikuwa nimevuta hadi mwisho. Kwa ISO 1600 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kihisi kuupokea mwanga) kamera ikahitaji kuacha shata, yaani pazia linalofunga na kufungua njia ya mwanga, wazi kwa sekunde 1/10, na ndani ya muda huo mkono wa kijana aliyekuwa akizungusha mashine ya juisi ya miwa ukawa mstari wa moshi. Nilidhani kamera ndiyo dhaifu. Nikajinyima miezi kadhaa, nikanunua bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, yenye megapikseli nyingi zaidi, nikaifunga lenzi ileile. Mkono ukafifia vilevile. Pesa ile iliniuma.

Baadaye rafiki aliniazima lenzi ya mm 50 yenye f/1.8. Tofauti ya f/1.8 na f/5.6 ni mwanga karibu mara kumi. Pale palipohitaji sekunde 1/10, sasa 1/100 ilitosha, kwa ISO ileile na taa zilezile. Mkono ukasimama, matone ya juisi yakaonekana. Ndiyo sababu lenzi ya namna hii husemwa kuwa ina kasi: yenyewe haikimbii, bali inairuhusu shata ifunge haraka. Au ukipenda, unaiacha shata ilivyo na kushusha ISO, na picha haijai chenga, vile vidoavidoa vinavyoletwa na ISO ya juu.

Tundu kubwa lina gharama yake, na si ya pesa pekee. Kadiri linavyotanuka, sehemu ya picha inayotoka kali inakuwa nyembamba. Ukimpiga mtu picha kwa mm 50, f/1.8, akiwa mita moja na nusu kutoka kwako, kwenye kamera nyingi za bei ya kawaida unapata kama sentimita 6 tu za ukali. Macho yakiwa makali, masikio yameshaanza kulainika. Kwa picha ya bibi kibarazani hilo ni zuri sana, ukuta wa nyuma unayeyuka na uso unabaki peke yake. Kwa picha ya familia iliyojipanga safu tatu harusini, ni balaa: safu ya mbele safi, wazee wa nyuma wamefifia, na wao ndio watakaoiulizia picha. Hapo unarudi f/8 na kutafuta mwanga mahali pengine. Usiende mbali hadi f/22 ukidhani utazidisha ukali. Tundu likiwa dogo mno mwanga hutawanyika kwenye kingo zake, na picha nzima inalainika kidogo.

Kuna swali huulizwa sana siku hizi: simu yangu nayo imeandikwa f/1.8, kwa nini haifanani na kamera? Rudi kwenye mgawanyo. Lenzi kuu ya simu ina urefu halisi wa fokasi wa mm 6 au 7 hivi. Gawanya kwa 1.8, unapata tundu la mm 4 hata halijafika. Lenzi ya mm 50 kwa f/1.8 ina tundu la karibu mm 28. Namba ni moja, matundu ni mbalimbali, na kihisi cha simu ni kidogo mno, hivyo jumla ya mwanga unaokusanywa ni kidogo. Ule mfifio wa nyuma unaouona kwenye picha za simu, aghalabu umetengenezwa na programu.

Mgawanyo huohuo unaeleza bei. Ukitaka f/2.8 kwenye mm 200, unahitaji tundu la zaidi ya mm 71, na vioo vya kulijaza. Ndiyo maana lenzi za 70-200 zenye f/2.8 za DSLR, yaani kamera zenye kioo cha kuakisi ndani, huelekea kilo moja na nusu, wakati Canon EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 ina gramu 160 na ni kati ya lenzi za bei nafuu zaidi za kampuni hiyo. Kwa mtu anayepiga picha kwa mapenzi tu, nashauri bila kusita: nunua bodi ya mtumba ya miaka kadhaa iliyopita, na tofauti ya bei uiweke kwenye lenzi ndogo isiyovuta, yenye f/1.8 au f/2. Kama unapiga sana ndani ya nyumba au kwenye vichochoro vyembamba, chukua mm 35 badala ya 50, kwa sababu kwenye kamera zenye kihisi kidogo mm 50 inaona kama mm 75 au 80, na utajikuta umegota ukutani. Wa Nikon wawe macho: bodi za D3000 na D5000 na ndugu zake hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo tafuta lenzi yenye herufi AF-S, la sivyo utazungusha kwa mkono.

Hata kompyuta inaguswa. Picha iliyopigwa gizani kwa tundu dogo na ISO ya juu huhitaji kusafishwa chenga, na kusafisha chenga ni kati ya kazi zinazoichosha kompyuta kuliko zote. Picha iliyopata mwanga wa kutosha unaifungua kwenye darktable, programu ya bure ya kurekebisha picha, unarekebisha mawili matatu, basi. RAM ya GB 16 na diski ya SSD zinatosha kabisa.

Ukinunua lenzi ya mtumba pwani, iwe Mombasa, Dar au Unguja, beba tochi. Imulike kwa nyuma ukitazama kwa mbele. Unyevu wetu huotesha kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na kuvu iliyokomaa hula kioo chenyewe. Tazama pia vibamba vya tundu: viwe vikavu, bila mafuta, vifunguke na kufunga bila kusita. Nyumbani, iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mimi siku hizi situpi hata kimoja.