Je, wajua ombi la mwananchi kwa Bunge la kikoloni la Nyuzilandi liliishia wapi?

Tuseme ulipigana vita ukaahidiwa shamba, shamba lenyewe hukuliona, na mahakama haina la kukusaidia. Katika Nyuzilandi ya karne ya 19 ulibakiwa na njia moja: kuliandikia Bunge.

Karatasi yako hukuipeleka mwenyewe. Ulimkabidhi mbunge, yeye akaiwasilisha, kisha ikaenda kamati ya maombi. Kufikia miaka ya 1890 maombi yalifurika hadi yakagawanywa kwa herufi: majina ya A hadi L kamati hii, M hadi Z kamati ile. Ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, yalikuwa na kamati yake. Kamati iliweza kuita mashahidi na kuitaka idara inayolalamikiwa ijieleze, halafu ikatoa ripoti, mara nyingi mistari miwili mitatu tu. Ukizisoma ripoti hizo leo utachoshwa na majibu mawili: kamati haina pendekezo, au ombi lipelekwe serikalini likafikiriwe. Hilo la pili nalo halikuwa amri. Mawaziri wakitaka, waliliacha kabatini.

Sasa tazama ombi lililokataa kukaa kabatini. Mwaka 1893 Kate Sheppard wa Christchurch, akidai wanawake wapige kura, aligundisha karatasi 546 zikawa mkanda wa zaidi ya mita 270, akauviringisha kwenye kipande cha mpini wa ufagio. Mbunge John Hall, aliyewahi kuwa waziri mkuu, aliukunjua katikati ya ukumbi hadi kile kijiti kikagonga ukuta wa mwisho, puu! Mwaka 1891 ombi kama hilo lilikuwa na saini zaidi ya 9,000. Safari hii, pamoja na maombi mengine madogo, zilikaribia 32,000. Septemba 19 haki hiyo ikawa sheria.

Wamaori walikuwa na kazi ngumu zaidi, maana ardhi waliyoililia ilichukuliwa kwa sheria ya 1863 iliyotungwa na Bunge hilohilo. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Ndiyo maana mwaka 1884 Mfalme Tawhiao wa Wamaori alipanda meli hadi London kumwona Malkia Victoria. Hakuonana naye. Alipokewa na waziri wa makoloni, Lord Derby, na ombi lake likarudishwa kwa serikali ileile ya Nyuzilandi kule Wellington aliyoikimbia.