Kuuza Bunduki kwa Mtu Binafsi Marekani: Mahali pa Kukutana, Karatasi, na Mtego wa Uhamiaji

Wasemaji wa Kiswahili waliohamia Texas, Ohio, Minnesota au Maine wamekuta jambo ambalo nyumbani halipo. Mtu ana bunduki, haihitaji tena, anatafuta mnunuzi kama anayeuza friji. Kenya na Tanzania silaha haitoki kwa mwenye kibali kwenda kwa mwingine bila mamlaka kuhusika. Marekani sheria ya shirikisho inamruhusu mtu binafsi kumuuzia mkazi mwenzake wa jimbo lilelile bila kuwa na leseni ya biashara, na katika majimbo mengi bila mnunuzi kupekuliwa rekodi zake. Urahisi huo umewaponza wengi.

Wauzaji huogopa kuporwa, na wana haki ya kuogopa. Anayetangaza bastola amemwambia kila msomaji kwamba siku fulani, saa fulani, atakuwa amesimama mahali akiwa na kitu kinachouzika haraka kwa wahalifu. Lakini ipo hatari ya pili ambayo haionekani siku ya mauziano: kumkabidhi silaha mtu ambaye sheria imemkataza kuwa nayo. Mporaji anachukua bunduki na kutoweka. Kosa la pili linaweza kukufuata miaka mingi baadaye. Hatari zote mbili zinapungua sana kwa uamuzi mmoja: mauziano yafanyike kwenye kaunta ya duka la silaha lenye leseni ya shirikisho, hata pale ambapo jimbo halilazimishi.

Duka linafanya nini hasa

Pigeni simu dukani kabla ya kwenda, kwa sababu si kila duka hupokea mauziano ya watu binafsi. Ulizeni ada, ambayo hutofautiana duka hadi duka, na mkubaliane mapema nani ataibeba. Mkifika, mnunuzi anajaza Fomu 4473 ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, na anaonyesha kitambulisho cha serikali chenye picha na anwani anayoishi sasa. Kisha duka linauliza mfumo wa upekuzi wa FBI ulioanza kazi Novemba 1998, au idara ya jimbo inayofanya kazi hiyo. Mara nyingi jibu huja kwa dakika chache, nalo ni moja kati ya matatu: endelea, subiri, au amekataliwa. Mtu binafsi hawezi kuuliza mfumo huo mwenyewe. Kwa hiyo yule anayekuambia “nimeshakuangalia kwenye kompyuta, uko safi” hana alichoangalia.

Likija jibu la “subiri”, sheria ya shirikisho inaliruhusu duka kukabidhi silaha baada ya siku tatu za kazi kama FBI haijarudisha jibu. Duka lina hiari ya kukataa, na majimbo kadhaa yana masharti makali zaidi. Mnunuzi akiwa na umri chini ya miaka 21, muda huo unaweza kufika siku kumi za kazi tangu sheria ya mwaka 2022. Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalijui. Ukiondoka na kuiacha bunduki dukani wakati mnunuzi anasubiri, kisha akakataliwa, duka haliwezi kukurudishia hivi hivi. Nawe utajaza fomu ileile na kupekuliwa. Asiyetaka usumbufu huo arudi nayo nyumbani hadi jibu litoke.

California, New York, New Jersey, Colorado, Washington, Oregon na majimbo mengine kadhaa huwalazimisha watu binafsi kupitia upekuzi, kwa duka au kwa kibali cha ununuzi. Michigan inahusisha bunduki za aina zote tangu 2024. Minnesota, tangu Agosti 2023, inagusa bastola na zile za semi-otomatiki za mtindo wa kijeshi. Maine, tangu Agosti 2024, upekuzi ni lazima silaha ikiwa imetangazwa kuuzwa au inauzwa kwenye maonyesho ya bunduki. Huko, tangazo lenyewe ndilo linalobadilisha hali yako kisheria. Texas haina sharti hilo. Magazini nayo ina sheria zake: California na New York huwezi kuuza ya kubeba risasi zaidi ya 10, hata kama bunduki yenyewe ni halali.

Nani asiuziwe

Sheria haikudai uwe mpelelezi. Inakukataza kumuuzia mtu unayemjua, au una sababu ya msingi ya kuamini, kwamba amekatazwa. Adhabu yake tangu 2022 inafika miaka 15 jela. Waliokatazwa ni pamoja na waliowahi kutiwa hatiani kwa kosa linaloadhibiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja jela, wanaotafutwa na mahakama, wenye hukumu ya ukatili wa nyumbani hata ile ndogo, walio chini ya aina fulani za amri za mahakama za kumlinda mwenza, waliowahi kulazwa kwa amri kwa sababu ya ugonjwa wa akili, na watumiaji wa dawa zilizopigwa marufuku. Bangi imo kwenye orodha ya shirikisho hata pale ambapo jimbo limeihalalisha. Mnunuzi anayeshuka garini akinuka bangi amekupa sababu ya kuahirisha, na hakuna haja ya kubishana naye.

Kuna mambo mawili ya kuthibitisha kwa macho. La kwanza ni umri: bastola haiuzwi na mtu binafsi kwa aliye chini ya miaka 18, na majimbo mengi yamepandisha umri huo. La pili ni makazi. Huruhusiwi kumuuzia mkazi wa jimbo jingine moja kwa moja, hata akiwa ndugu yako, hata mpaka ukiwa ni ng’ambo ya mto. Mauziano ya kuvuka mpaka wa jimbo hupitia duka lenye leseni, basi. Tazama leseni ya udereva: ni ya jimbo lako, haijaisha muda, anwani ni ileile aliyokutajia? Wauzaji wengine hudai pia kibali cha kubeba silaha iliyofichwa, kwa kuwa mwenye nacho aliwahi kupekuliwa. Ni ishara njema, ila inasema alikuwa safi siku alipopewa, haisemi lolote kuhusu leo.

Maneno ya mnunuzi mwenyewe hufichua mengi. “Namnunulia mpwa wangu, yeye hawezi kuja.” “Nitakuongezea dola mia tusiandikiane.” “Kitambulisho nimesahau, lakini pesa ninazo.” Anayenunua kwa niaba ya mtu aliyekatazwa kuwa na silaha, huku akijifanya mnunuzi halisi, anatenda kosa la shirikisho linalofikia miaka 15 jela, na wewe uliyemsikia akisema hivyo huwezi tena kudai hukujua. Zawadi ya kweli, ambayo mpokeaji hakutoa pesa, ni jambo jingine.

Kwa ambao bado hawajawa raia

Sehemu hii isomwe mara mbili. Mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki na kuuza bunduki, vivyo hivyo mkimbizi aliyepokelewa rasmi. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo, ya utalii au ya kazi, kwa kawaida amekatazwa hata kuishika. Ipo misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji ya jimbo lolote. Asiye na hadhi halali ya uhamiaji amekatazwa kabisa. Kwa hiyo kijana wa viza ya masomo anayetaka bastola ya kujilinda asiuziwe na mtu wa nyumbani kwa sababu tu wanafahamiana kanisani au msikitini. Kufahamiana ndiko kunakomfanya muuzaji asiweze kusema hakujua.

Upande wa muuzaji ni mzito zaidi. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni akitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kutangaza kuuza, kubadilishana, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria yoyote, anaweza kufukuzwa nchini. Haijalishi ana miaka mingapi ya grini kadi wala watoto wangapi waliozaliwa Marekani. Wanasheria wa jinai huwashawishi wateja kukiri kosa dogo ili waepuke jela; kwa mgeni, hatia ndogo ya silaha yaweza kumpandisha ndege. Usikiri chochote kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji.

Anayenunua na kuuza mara kwa mara ili kupata faida naye anahesabiwa mfanyabiashara. Kufanya hivyo bila leseni ni hadi miaka mitano jela na faini ya hadi dola 250,000. Kuuza bunduki uliyoirithi kwa baba mkwe si biashara.

Mkikutana nje ya duka

Iwapo jimbo lako linaruhusu na mmeamua hivyo, chagueni mahali ambapo bunduki si ajabu na watu wapo: ndani ya uwanja wa kulengea shabaha, au kwenye maegesho ya duka la silaha mchana, kwa ruhusa ya mwenye duka. Ushauri maarufu wa kukutana kwenye maegesho ya polisi unafaa kwa simu na kompyuta. Kwa bunduki, piga simu kituoni kwanza, kwani vituo vingi vilivyotenga sehemu za kukabidhiana bidhaa hukataza silaha, na askari anayeona watu wawili wakipokezana bastola bila taarifa hatauliza kwa upole. Epukeni ofisi za posta na majengo mengine ya serikali ya shirikisho. Epukeni pia maegesho ya shule, kwani sheria ya shirikisho inaweka eneo la futi 1,000, kama mita 300, kuzunguka shule. Nyumbani kwako au kwake, hapana. Hata picha za tangazo zisionyeshe namba ya nyumba wala kabati unamohifadhi silaha nyingine.

Nenda na mtu mzima mmoja, akae pembeni na simu mkononi. Mnunuzi aliyesema atakuja peke yake akatokea na gari lenye watu watatu, au aliyebadilisha mahali dakika kumi kabla, msimkaribie. Ondokeni, ujumbe wa kuahirisha utatumwa baadaye.

Bunduki isafiri ikiwa tupu, ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli, kwenye buti la gari. Risasi ziachwe nyumbani. Kama ni sehemu ya mauzo, ziwe kwenye chombo kingine na zitolewe mwisho, mkiwa mnaagana. Porapora ya kawaida huanza hivi: mnunuzi anaomba “kuishika kidogo”, anachomeka magazini yake mwenyewe yenye risasi, na mazungumzo yanakuwa mengine. Pitisha kamba ya plastiki ya kufungia nyaya ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, hadi itokeze kwenye tundu la magazini, uikaze. Ataikagua bunduki yote, lakini hataweza kuijaza. Anayetaka kuijaribu kwa risasi, mkutane kwenye uwanja wa shabaha.

Kuitoa risasi kuna mpangilio wake. Kwanza magazini itoke, ndipo slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, ivutwe nyuma. Anayeanza na slaidi anatoa risasi ya chemba, slaidi inaporudi inachukua nyingine kutoka kwenye magazini. Kisha anachomoa magazini na kuamini silaha ni tupu. Ajali nyingi za “nilidhani haina kitu” zina asili hapo. Funga slaidi ikiwa nyuma, tazama chembani, tia kidole, na mnunuzi afanye vivyo hivyo. Glock na bastola kadhaa nyingine zinahitaji kifyatuo kibonyezwe ndipo zifunguliwe, kwa hiyo mnunuzi anayetaka kuona ndani atabonyeza. Mkague chemba upya kabla hajafanya hivyo, mtutu ukielekea ardhini. Bunduki zenye magazini ya bomba chini ya mtutu zina ujanja wao. Risasi yaweza kukwama ndani ya bomba baada ya ulizodhani ndizo zote kutoka, kwa hiyo angalia hadi uone kisukumio cha magazini chenyewe.

Pesa taslimu ndiyo salama, ihesabiwe kabla kamba haijakatwa. Kalamu ya kupima noti bandia hudanganyika kwa noti ndogo iliyofutwa wino na kuchapishwa upya kuwa ya mia, kwa kuwa karatasi yake ni halisi. Noti ya dola 100 ya toleo la 2013 na kuendelea ina utepe wa buluu ndani ya karatasi ambao michoro yake husogea ukiigeuza. Hundi ya benki ipokelewe tu kama imetolewa mbele yako kwenye dirisha la benki hiyo, saa za kazi, na bunduki ikiwa haijaingia benki.

Andikianeni hati ya mauziano, nakala mbili: kiwanda, modeli, kaliba, namba ya silaha, bei, tarehe, majina, anwani, namba za vitambulisho na saini, pamoja na kauli ya mnunuzi kwamba hajakatazwa kisheria kuwa na silaha. Sababu ni hii. Silaha ikiokotwa kwenye tukio, kituo cha ATF cha Martinsburg, West Virginia, hufuata namba yake kutoka kiwandani hadi kwa mnunuzi wa kwanza wa dukani, na hapo njia inakatika, kwa kuwa serikali ya shirikisho imekatazwa kuweka daftari la wamiliki wa bunduki za kawaida. Kama wewe ndiye uliyeinunua dukani, mlango utakaobishwa ni wako. Hati itunze miaka yote.

Silaha yenye namba iliyokwaruzwa usiiguse, kuimiliki ni kosa. Raifo yenye mtutu chini ya inchi 16, shotigani yenye mtutu chini ya inchi 18, na kizuia sauti haviuzwi kwa njia hii kabisa. Vinahitaji idhini ya ATF kwanza.

Ukiporwa, mpe bunduki, usiing’ang’anie. Piga 911 ukishakuwa mahali salama, taja namba ya silaha, uombe iingizwe kwenye mfumo wa polisi wa silaha zilizoibwa siku hiyohiyo, na uondoke na namba ya ripoti. Majimbo kadhaa yameweka muda maalumu wa kuripoti wizi.