Mzizi gani huu unaofanya kazi kwa nusu saa?

Mwezi wa Shaabani uliopita, muda mfupi kabla ya alasiri, mzee mmoja alisimama pembeni mwa kaunta ya duka letu la dawa hapa Unguja, akasubiri mpaka wateja wote wamalizike. Alipobaki peke yake alitoa mfukoni kisanduku kidogo cha rangi ya dhahabu cha dawa ya nguvu za kiume, ndani yake mkiwa na kapsuli mbili. Aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hizi ni za miti tu, hazina kemikali. Nikizila pamoja na zile dawa zangu za kifua kuna ubaya?" Dawa zake za kifua nazijua, kwa sababu mimi ndiye ninayempatia. Ni vidonge vya isosorbaidi, ambavyo huviweka chini ya ulimi kila moyo unapombana.

Nilimkaribisha chumba cha ndani, nikamwomba ruhusa, nikafungua kapsuli moja juu ya karatasi nyeupe. Kisanduku kilitaja mizizi na magome ya aina saba. Uliomwagika ulikuwa unga mweupe, laini, usio na nyuzi wala harufu. Nimezaliwa Pemba, nikakulia katika nyumba iliyoanika karafuu na kutwanga dawa za homa kwenye kinu, na ninajua jinsi mizizi iliyotwangwa inavyoonekana: ina rangi ya udongo au ya ubao, ina nyuzi, na ukiikaribia inakuingia puani. Macho na pua si maabara, na sikuwa na haki ya kumwambia kwa hakika ule unga ni kitu gani. Nilichoweza kumwambia ni kwamba asiumeze.

Ninaandika haya kwa sababu mzee yule si wa kwanza wala hatakuwa wa mwisho, na kwa sababu neno "asili" lililobandikwa kwenye vifurushi hivi linawafanya watu waache kuuliza maswali ambayo wangeyauliza kuhusu dawa nyingine yoyote.

Nianze na swali la nusu saa. Muuzaji hukwambia umeze kapsuli, au ulambe kijiko cha ile asali maalumu inayouzwa kwa kazi hiyo hiyo, usubiri dakika 30 hadi saa moja, na jambo litakuwa. Mara nyingi kweli linakuwa, na hapo ndipo mteja anapojenga imani yake. Lakini tuangalie mwili unavyofanya kazi. Mwanamume anapopata ashiki, mishipa ya fahamu ya uume hutoa naitriki oksaidi, nayo huamsha kemikali nyingine inayolegeza kuta za mishipa midogo ya damu. Damu huingia kwa wingi, hubanwa humo, na uume husimama. Kisha kimeng'enya kiitwacho PDE5 huivunja kemikali ile, na hali hurudi ilivyokuwa. Sildenafili, ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara la Viagra, hukizuia kimeng'enya hicho. Watafiti wa Uingereza waliokuwa wakiichunguza walikuwa wanatafuta dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, na athari yake kwenye uume ilijitokeza katikati ya majaribio. Iliidhinishwa Marekani tarehe 27 Machi 1998. Huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hadi saa moja, hasa tumbo likiwa halina mafuta mengi.

Msomaji ataona kwamba huo ndio muda ule ule ulioandikwa kwenye kisanduku cha mizizi saba. Sijui mti hata mmoja ambao utafiti umethibitisha kwamba unafanya kazi hiyo kwa uhakika huo na kwa haraka hiyo. Kwa hiyo kila ninapoambiwa kwamba dawa fulani ya miti "haijapata kumwangusha mtu", huwa sifurahi bali naingiwa na wasiwasi, kwa kuwa sifa hiyo ndiyo dalili kubwa zaidi kwamba ndani mmetiwa kitu kingine.

Hili halitokani na dhana yangu tu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, katika maonyo yake ya kuanzia 2007 hadi 2016, ilibaini bidhaa 776 zilizouzwa kama virutubisho huku zikiwa na dawa za hospitali zisizotajwa kwenye lebo. Kati ya hizo, 353 zilikuwa za nguvu za kiume, na sildenafili ndiyo iliyoonekana mara nyingi zaidi. Julai 2022 mamlaka hiyo hiyo ilitoa onyo juu ya asali za vifuko ambazo, zilipopimwa, zilikutwa na sildenafili au tadalafili, dawa ya jamii hiyo hiyo. Nimelitaja hilo la asali kwa makusudi. Sisi tunaiheshimu asali. Ni shifaa iliyotajwa katika Kurani, na hakuna nyumba ya Kizanzibari inayomshuku mtu anayelamba asali. Mchanganyaji anayetia dawa ya siri ndani yake anaitumia heshima hiyo.

Kuna watakaoniuliza: ikiwa ndani mna sildenafili, na sildenafili ni dawa halali inayouzwa hata dukani kwangu, hasara iko wapi? Iko katika kutokujua. Kidonge halali huja kwa miligramu 25, 50 au 100, na daktari huchagua kwa kutazama umri, ini, figo na dawa nyingine anazotumia mtu. Unga uliochanganywa kwa mkono hauna kipimo kinachoaminika, na kapsuli mbili za kisanduku kimoja zinaweza kutofautiana. Wakati mwingine kinachotiwa si sildenafili yenyewe bali binamu yake, kemikali iliyobadilishwa kidogo ili isinaswe kirahisi na vipimo vya maabara, ambayo haijapata kujaribiwa kwa binadamu kwa utaratibu wowote.

Na wakati mwingine kinachoingia hakihusiani kabisa. Katika miezi mitano ya mwanzo ya 2008, hospitali za Singapore zilipokea watu 150 wasiokuwa na kisukari ambao sukari yao ilikuwa imeshuka vibaya. Uchunguzi uliwafikisha kwenye dawa za nguvu za kiume, moja ikiwa tadalafili bandia na tatu zikiwa zimeuzwa kama za mitishamba, ambazo zilikuwa na glibenklamidi. Wagonjwa wetu wa sukari wanakifahamu kidonge hicho. Hushusha sukari, na kwa mtu mzima wa afya aliyelala usiku bila kula kinaweza kuishusha mpaka ubongo ukakosa chakula. Saba kati ya wale 150 wa Singapore walibaki katika hali ya kutojitambua, na wanne wakafariki. Walikuwa wanaume waliotaka kuwafurahisha wake zao.

Sasa nirudi kwa mzee na vidonge vyake vya chini ya ulimi, maana hapa ndipo ninapoomba nisomwe kwa utulivu. Isosorbaidi na dawa zote za jamii ya naitreti huongeza naitriki oksaidi mwilini. Sildenafili na wenzake huzuia kazi ya naitriki oksaidi hiyo isikatike. Naitreti ni kama kufungua mfereji wa maji, na sildenafili ni kama kuliziba tundu la kutolea maji. Ukifanya yote mawili kwa pamoja, chombo hufurika. Mishipa ya mwili mzima hutanuka, shinikizo la damu huporomoka, na moyo uliokuwa tayari na mishipa iliyoziba hukosa damu ya kujilisha. Ndiyo sababu kanuni inasema naitreti isitumike ndani ya saa 24 baada ya sildenafili, na ndani ya saa 48 baada ya tadalafili, kwa kuwa tadalafili hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Mtu aliyelamba asali ya kifuko hajui amelamba ipi, na wala hajui kwamba kuna saa za kuhesabu.

Nilikuwa na mteja mwingine kabla ya huyu, mvuvi, ambaye kwa miaka miwili nilimpa dawa zake za kifua bila kumuuliza hata mara moja anatumia nini kingine. Nilimuuliza kuhusu chumvi, nikamuuliza kuhusu sigara. Alianguka usiku mmoja nyumbani kwake na hakufika hospitali. Siku ya hitma mwanawe aliniletea vifuko viwili alivyovikuta chini ya godoro, akitaka nimwambie ni kitu gani. Sikuweza kumthibitishia kwamba ndivyo vilivyomuua baba yake, na mpaka leo siwezi. Lakini tangu siku ile huliuliza swali hilo kila ninapotoa naitreti, na huliuliza faragha.

Tahadhari haiishii kwa wenye maradhi ya moyo. Anayetumia tamsulosini au doksazosini kwa ajili ya tezi dume anaweza kushukiwa na presha akainuka kitandani na kuanguka. Anayetumia dawa za kufubaza virusi zenye ritonaviri hujikuta kipimo kidogo kimekuwa kikubwa mwilini mwake, kwa sababu ritonaviri hulizuia ini lisiivunje sildenafili. Na yeyote ambaye uume wake umesimama zaidi ya saa nne bila kulala aende hospitali saa ile ile, maumivu yawepo au yasiwepo. Damu iliyotuama huua tishu, na aibu ya usiku mmoja inaweza kugeuka ulemavu wa maisha.

Sisemi kwamba miti haina nguvu. Kinyume chake, nasema ina nguvu, na kwa hiyo nayo inahitaji adabu. Gome la yohimbe linalotoka misitu ya Kamerun na nchi jirani lina kemikali inayopandisha presha, kuuendesha mbio moyo na kumtia mtu hofu. Kungumanga tunayoichuma wenyewe, inayonogesha uji na vitafunio, ikiliwa kwa vijiko badala ya kukunwa kidogo huleta kichefuchefu, mapigo ya moyo ya kasi na maruweruwe. Ama supu ya pweza ya Forodhani, ni chakula. Anywe anayeipenda, sina neno nayo. Mkuyati na hilo liitwalo vumbi la Kongo ni majina tu, na kila muuzaji huweka chini ya jina hilo anachokitaka, basi siwezi kukisifu wala kukilaumu kitu ambacho leo ni hiki na kesho ni kile.

Kwa upande wa mnunuzi, nina machache. Dawa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kumalizika muda si ya kununua, hata ikiwa imesifiwa na watu mia kwenye WhatsApp, kwa kuwa sauti za kusifu hurekodiwa na muuzaji. Aliye na shaka na bidhaa aipeleke kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ikiwa katika kifungashio chake kile kile, asiuhamishe unga kwenye karatasi nyingine. Na anayefikishwa hospitali akiwa na maumivu ya kifua amwambie daktari alichokula, au mkewe amsemee. Daktari asiyejua anaweza kumpa naitreti kwa nia njema.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba dawa hizi huuficha ugonjwa. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita moja hadi mbili, na ile ya moyo milimita tatu hadi nne. Mafuta na sukari vinapoanza kuziharibu, nyembamba ndizo zinazolalamika kwanza, mara nyingi miaka miwili au zaidi kabla ya kifua kuuma. Mwanamume anayeona nguvu zimepungua amepewa habari mapema, naye anaizima kwa kapsuli. Najua kinachowaharakisha: khofu ya mke kuondoka, maneno ya barazani, na khofu ya kusimama mbele ya kadhi. Lakini hata fiqhi ya Imamu Shafi, tunayoifuata, humpa mume wa namna hiyo mwaka mzima, ili misimu yote ya mwaka impitie akijitibu. Wanazuoni waliona kwamba maradhi haya yana sababu zake na yanahitaji muda, na tiba ya leo inasema hivyo hivyo.

Mzee wa Shaabani nilimpima sukari palepale kwa tone la kidole. Ilisoma milimoli 14.2 kwa lita, wakati inapofika 11.1 tu tunakuwa na sababu ya kumpeleka mtu kwa daktari. Hakuwa na habari nayo. Aliniambia kwamba huamka usiku mara nne kwenda kukojoa na alidhani ni uzee. Nilimwandikia barua ya kliniki, nikamweleza kwamba sukari ikitulizwa, na daktari wake wa moyo akishauriana naye, zipo njia za kuusaidia unyumba wake zisizogongana na dawa ya kifua. Alikisukuma kile kisanduku upande wangu wa meza pamoja na kapsuli iliyobaki. Asubuhi ya Jumatatu alikwenda kliniki akiwa hajala kitu, kama nilivyomwelekeza, na mkewe ndiye aliyemkumbusha asinywe hata chai.